Lisbon itembee kwa miguu, na usiondoke bila kuiona dhahabu ya Kilwa

Mi nasema wazi kabisa, mtu akienda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, akapanda lile basi la watalii la ghorofa, akashuka kupiga picha mbili tatu akarudi kukaa, huo mji hajauona. Tramu namba 28, ile treni ndogo ya barabarani, nayo hivyo hivyo, foleni ndefu halafu ukishaingia mmebanana unachoona ni mabega ya watu tu. Ule mji unataka miguu, na unataka wenzako wa kubishana nao njiani. Ila vaeni raba zenye soli inayoshika, maana ni vilima vitupu na njia zao wamezitandika vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vinapendeza kweli lakini vimekanyagwa mpaka vinang'aa, mvua ikidondoka kidogo vinateleza balaa.

Tulikuwa wanne, wote wa pwani. Mmoja wetu ni mtu wa ujenzi basi tulipofika Baixa, katikati ya mji kule bondeni, hatukusogea, anaangalia kuta tu. Pale pote palibomoka tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako makanisani tetemeko likapiga, ukaja moto, yakaja na maji ya bahari. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, akaujenga upya kwa mitaa iliyonyooka, na ndani ya kuta wakaweka fremu za mbao ili nyumba icheze isianguke ardhi ikitikisika tena. Kanisa la Carmo lenyewe liko mpaka leo bila paa, unasimama ndani unaona mawingu. Ukipanda Alfama, mtaa wa kale wa kilimani, sasa unaona jinsi mji ulivyokuwa kabla, tetemeko halikuimaliza, vichochoro vinakata kona kama Mji Mkongwe, nguo zimeanikwa madirishani, na Waislamu ndo walikuwa wanautawala mji huo mpaka 1147.

Hayo mazuri yote yapo na watu wanayaandika sana. Kinachoniuma mimi ni kile ambacho wengi wetu tunakipita.

Kuna mtaa unaitwa Rua do Poço dos Negros, yaani Shimo la Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa sababu zilikuwa zinaachwa tu ovyo. Leo ni mtaa wa kawaida una mikahawa, watu wanakunywa kahawa, na sisi tulipita pale kimya, hakuna aliyetoa simu kupiga picha.

Ukiendelea kwa miguu hivyo hivyo kuelekea magharibi hufiki mbali unakutana na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Ndani kuna monstransi ya dhahabu wanayoiita Custódia de Belém, kile chombo ambacho Wakatoliki wanaweka Ekaristi wakati wa kuabudu, na mitume 12 wamepiga magoti, kazi ya mkono ya ajabu mno siwezi kusema uongo. Sasa soma maandishi ya chini kwenye kitako chake. Yanasema mfalme Manuel ameagiza itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikamalizika 1506. Kilwa yetu hii, jina limechorwa pale miaka mia tano na zaidi! Vasco da Gama alifika Kilwa 1502 na manowari, akamtisha sultani mpaka akatoa dhahabu, na 1505 Wareno wakarudi wakauteka mji wenyewe.

Mwenzetu mmoja kwao ni Lindi, alisimama pale muda mrefu sana. Shuleni tumekariri Wareno walikuja 1498 tukajibu mtihani tukapata maksi, ila hakuna aliyetuambia kwamba kodi yenyewe ipo, unaweza kwenda kuiangalia kwenye kioo.

Kutoka pale tukatembea mpaka Belém, eneo la magharibi mwa mji, kwenye monasteri ya Jerónimos ambako da Gama amezikwa, na jengo lenyewe lilijengwa kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Njia nzima tulikuwa tunabishana, hii dhahabu irudi au isirudi. Wa ujenzi anasema kazi ya fundi ni ya Wareno, waache kwao. Wa Lindi anasema fundi ni wao ila mali ni ya Kilwa, na mali iliyochukuliwa kwa mizinga haigeuki kuwa ya mchukuaji kwa sababu kaichonga vizuri. Mi niko upande wake. Na kama kurudisha moja kwa moja ni kazi, basi waanze kwa kuiazima Makumbusho ya Taifa pale Dar, watoto wa shule za Kilwa na Lindi wapandishwe mabasi waje kuisoma wenyewe hiyo sentensi ya kwenye kitako.