Kutafuta mafaili katika mtandao wa skuli: tufunge au tupange ruhusa?

Skuli inapounganisha kompyuta zake na seva moja, yaani kompyuta kuu inayohifadhi mafaili ya wote, kazi za wanafunzi, maazimio ya kazi ya walimu, alama za majaribio na barua za ofisi huishia kuhifadhiwa pahala pamoja. Hapo huzuka suala la iwapo mwanafunzi aachiwe kutafuta faili katika mtandao mzima au azuiwe. Kwa skuli ya Unguja au Pemba ambayo mwalimu mmoja wa kompyuta ndiye anayefundisha, anayetengeneza mashine na anayesimamia seva, jibu jepesi ni kufunga kisanduku cha kutafutia.

Hoja ya wanaofunga si ya kupuuzwa. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayeandika neno "mtihani" na kuletewa rasimu ya mtihani wa majaribio hajavunja ulinzi wowote. Ameuliza, na mashine ikamjibu. Hata faili lisipofunguka, jina lake pekee laweza kumuumiza mtu, kwani faili lililopewa jina la mtoto likifuatiwa na maneno "barua ya onyo" limeshasema yote. Isitoshe, pasipo na faharasa, yaani orodha ya mafaili iliyoandaliwa mapema, kompyuta hulazimika kuyapitia mafaili moja moja kupitia mtandao, na darasa zima likitafuta kwa wakati mmoja seva kongwe huelemewa.

Hata hivyo, utafutaji haumpi mtu ruhusa asiyokuwa nayo. Unafichua tu ruhusa aliyokwisha kupewa, mara nyingi bila ya aliyempa kujua. Katika seva za Windows, anayeingia kupitia mtandao hupimwa kwa ruhusa za folda iliyoshirikishwa na kwa ruhusa za NTFS, mfumo wa Windows wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, zilizowekwa kwenye faili lenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshika. Ikiwa zote mbili zinamruhusu kila mtu kusoma, kufunga kisanduku au kuificha alama ya diski hakubadilishi kitu, kwa sababu mwanafunzi anayeijua njia ya folda ataiandika mwenyewe na kuingia. Tangu mwaka 2005, kwa sasisho la kwanza la Windows Server 2003, seva inaweza kumwonesha mtumiaji zile folda tu anazoruhusiwa, jambo linaloondoa hata lile tatizo la majina. Na faharasa ikiwekwa kwenye seva, matokeo huchujwa kwa ruhusa za anayetafuta, na mzigo wa mtandao hupungua.

Kufunga nako kuna gharama isiyoonekana mara moja. Mwalimu asiyeweza kulipata andalio lake la mwaka jana huanza kubeba kila kitu kwenye flashi, na flashi ya kawaida, yenye mfumo wa kuhifadhi mafaili wa FAT32 au exFAT, haina ruhusa za mtu mmoja mmoja: atakayeiokota ataisoma yote. Taarifa zimetolewa pahala panapoweza kulindwa zikapelekwa pasipolindika, na hili ndilo linalonifanya nielemee upande wa kufungua.

Lakini sikubaliani na anayetaka kufungua leo hii. Iwapo darasa zima linatumia akaunti moja iitwayo "mwanafunzi", na mwalimu naye huingia kwa hiyo hiyo kwa haraka ya kipindi, hakuna ruhusa itakayoweza kuwatenganisha. Mpaka kila mtu awe na akaunti yake, kufunga ni tahadhari halali ya muda. Rasimu za mitihani, kwa maoni yangu, zisikae kabisa kwenye seva ya wanafunzi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyo ya Muungano, lakini hakuna kinachoizuia skuli kukichukua kipimo hicho kwa hiari yake.

Orodha ya nani aone nini isiachiwe mwalimu wa kompyuta peke yake. Yeye anajua namna ya kuziweka ruhusa, ila mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma ndio wanaojua faili lipi linamhusu nani. Kila Januari waipitie pamoja kabla wanafunzi wapya hawajafunguliwa akaunti, na za waliomaliza zifungwe siku hiyo hiyo.