Gobore likae wapi mwenyewe akishikwa na sonona?

Katika vijiji vya Liwale na Nachingwea, mkoani Lindi, vinavyopakana na pori, bunduki ni chombo cha kazi. Mahindi yakianza kukomaa, mkulima anahamia kwenye dungu, anakesha akipiga debe ili nguruwe pori wajue shamba lina mwenyewe. Mwaka 2005 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 560, wengi wao kusini, na kwamba nguruwe pori ndio waliokuwa wakiwavuta hadi kwenye mashamba ambako watu wamelala wakilinda mazao. Kwa watu wa kando ya Ruvuma, upande wa Mtwara, kuna na kumbukumbu ya Oktoba 2020, wapiganaji kutoka Msumbiji walipovamia kijiji cha Kitaya.

Naanza na hayo kwa sababu mjadala wa kama mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, atengwe na silaha yake unatufikia ukiwa umeshakatwa na kushonwa Marekani. Huko zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua wenyewe. Utafiti wa California uliotoka 2020, uliofuatilia watu zaidi ya milioni 26, ulikuta wanaume wenye bastola wanakufa kwa kujipiga risasi kwa kiwango karibu mara nane ya wasio nazo. Tangu Connecticut ilipoanza mwaka 1999, majimbo kadhaa yana sheria ya kumwondolea mtu silaha kwa muda, kwa amri ya mahakama.

Hoja ya kuitenga silaha ni nzito, nami naikubali. Nia ya kujiua mara nyingi hupanda ghafla na kushuka, na mtu akivushwa saa zile mbaya, uwezekano wa kuishi ni mkubwa: karibu watu tisa kati ya kumi walionusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Jeshi la Israel lilipoamua mwaka 2006 kwamba askari wanaokwenda nyumbani mwisho wa juma waache bunduki kambini, vifo vya kujiua miongoni mwao vilipungua kwa asilimia 40 hivi. Hakuna aliyenyang'anywa kitu daima. Umbali ulitosha kuwaokoa.

Lakini wanaopinga nao wana lao, na mimi sina haraka ya kuwapita. Wenye sonona walio wengi hawatamdhuru mtu yeyote, hata wao wenyewe. Mwanamume wa huku akifika zahanati hasemi ana sonona. Anasema mwili umechoka, usingizi hauji, labda malaria, nesi. Akishajua kwamba kusema zaidi ya hapo kutamleta mtendaji wa kijiji mlangoni kuchukua gobore lake, ataishia kwenye malaria. Tutakuwa tumeikosa silaha na tumemkosa mgonjwa. Mzee mmoja wa Nachingwea alinijibu nilipomgusia jambo hili: "Sawa njomba, chukua. Nguruwe utakuja kuwafukuza wewe?" Sikuwa na jibu, na sidhani wizara inalo.

Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka anayepewa silaha awe na akili timamu. Hiyo ni siku ya kuomba. Sonona inaweza kuja miaka 20 baadaye, baada ya kumzika mke, au mwaka ambao mkulima kakopa pembejeo na korosho zimekataa. Na gobore lililochongwa na fundi wa kijijini mara nyingi halikupita kwenye fomu yoyote.

Hapo ndipo familia inapofungwa mikono. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao mjomba ana sauti. Anaweza kuja jioni, akae na mpwa wake, aseme hiki chombo nitakaa nacho hadi upate nafuu, na akasikilizwa kuliko daktari. Ila mjomba asiye na leseni akikutwa na silaha hiyo, yeye ndiye mhalifu. Akiipeleka polisi, ataulizwa ilitoka wapi. Akisema ukweli kwamba mpwa wake alitaka kujiua, anamchongea, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo watu wananyamaza na gobore linabaki pale pale juu ya kitanda. Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo huko kwao kinakiuka katiba. Chetu nacho kiondoke.

Ninachokitetea ni silaha kuhifadhiwa kwa muda, kwa ridhaa kwanza, na bila kesi. Polisi hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Familia yenye mgonjwa iwe na nafasi hiyo mwaka mzima. Mwenye leseni aandikiwe tarehe ya kurudishiwa chombo chake ili asihisi amefutwa katika hesabu ya wanaume. Mgambo wa kijiji walinde shamba lake msimu huo, la sivyo tumemwondolea bunduki na kumwachia njaa. Mganga wa zahanati, au wa hospitali za mikoa yetu, Ligula na Sokoine, abaki mganga. Orodha ya silaha isimhusu.

Hata hivyo, tukiishia kwenye bunduki tutakuwa tumewaacha nje wengi. Shirika la Afya Duniani linaviweka viuatilifu miongoni mwa njia kuu za kujiua duniani, na hivyo haviko mbali na kitanda cha mkulima wa Tandahimba au Newala. Nyumba haina stoo, dawa ya mikorosho ni ghali na inaibwa, basi inalala chumbani. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, kimoja baada ya kingine, vifo vya kujiua vilishuka kwa asilimia 70 hivi kati ya 1995 na 2015, na wakulima waliendelea kuvuna. Huku kwetu ghala za AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, zina kufuli na mlinzi kwa ajili ya korosho. Dawa iliyobaki baada ya kupuliza inaweza kuhifadhiwa humo kwa jina la mwenyewe, naye akaifuata siku ya kupuliza tena.