Mtoto wa kiungulia akipungukiwa damu, omeprazoli isimame?

Mtoto anatumia omeprazoli kwa kiungulia kikali, kipimo kinaonyesha damu imeshuka. Ushauri wa haraka ni kusitisha dawa, na hoja yake ina mashiko. Madini chuma ya kisamvu, mbaazi na uji wa lishe yanahitaji asidi ya tumbo ndipo utumbo uyafyonze, na omeprazoli inaipunguza. Chuma cha nyama na samaki hakiitegemei sana asidi, kwa hiyo anayeumia zaidi ni mtoto asiyeonja hata dagaa huku dawa ikiendelea miezi na miezi.

Ila asidi inayopanda kila mara huweza kuchubua umio, damu ikavuja kidogo kidogo bila mtu kujua. Mtoto huyo ukimkatisha dawa, kidonda kitaendelea kuvuja. (Kichanga anayecheua tu huku uzito ukipanda vizuri kwenye kadi ya kliniki hakuhitaji omeprazoli tangu mwanzo.)

Mtwara na Lindi tungeanzia kwingine: kupima malaria, choo kwa minyoo ya safura, mkojo kwa kichocho, na selimundu. Kuilaumu omeprazoli kabla ya hapo ni kubahatisha. Ferritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, nayo isomwe kwa tahadhari, maana homa na maambukizi huipandisha ikaonekana ya kawaida kumbe akiba ya chuma imekwisha.

Upungufu wa chuma ukithibitika, mtoto hupewa miligramu 3 za chuma halisi kwa kila kilo kwa siku. Wa kilo 10 anapata 30. Makosa mengi hutokea hapa: kidonge cha feri salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi takriban 65 tu. Dawa ya magnesiamu ya kutuliza kiungulia ipishane nacho kwa saa 2, na chai ikae mbali. Choo kitakuwa cheusi, hilo ni la kawaida. Kikinata kama lami na kunuka vibaya, ni damu, apelekwe hospitali.

Ya matunda yana utata. Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa, lakini ndimu na ukwaju huchokoza kiungulia. Mabibo yana vitamini C tele, ila ule ukakasi wake ni tanini, nayo hukamata chuma. Papai lililoiva linafaa zaidi.

Wingi wa damu upande walau gramu 1 kwa desilita ndani ya wiki 4, kisha chuma kiendelee miezi 2 hadi 3 baada ya damu kurudi sawa. Usipopanda ilhali dozi inamezwa ipasavyo na minyoo imetibiwa, omba rufaa umio ukachunguzwe. Na omeprazoli iliyopita wiki 8 bila daktari kuipitia upya, hapo tunakubaliana na wanaotaka isimame.