Mawaridi ya kilimo hai Tabora: aina nzuri haitoshi

Wanaopinga kupanda mawaridi bila dawa za viwandani kwenye bustani ya umma mjini Tabora wana hoja. Yale ya ua moja kubwa kwenye bua refu hupukutisha majani mvua zikikolea. Kuvu wa madoa meusi anahitaji jani liwe na maji kwa takribani saa saba tu ili aingie, na kuanzia Novemba hadi Aprili hali hiyo ni ya kawaida. Lakini dawa ya kinga nayo huoshwa na mvua hiyohiyo, hivyo itapigwa tena kila baada ya siku 7 hadi 14, mahali watoto wanapokaa kwenye nyasi. Gharama hiyo huwa haisemwi.

Aina zinazohimili zipo. Knock Out ya William Radler, mzalishaji wa mawaridi wa Marekani, iliyoingia sokoni huko mwaka 2000, ilipata jina kwa kukataa madoa meusi. Harufu yake ni hafifu. Atakayeinama kunusa ataondoka mikono mitupu. Tena kuvu huyo ana makundi mengi, na shina linaloshinda kundi moja laweza kuzidiwa na jingine. Kwa hiyo changanya aina tatu au nne. Ubwiri unga, kuvu anayefunika majani kwa unga mweupe, ni suala jingine: hauhitaji jani lililolowa, na huja na mchana mkavu na usiku wa baridi, Juni na Julai.

Matandazo, yaani vitu vya kufunika udongo, ndiyo penye mtego. Tabaka la sentimita 5 hadi 8 huzuia matone kurusha vimelea kutoka ardhini hadi kwenye majani. Lakini ukitandaza nyasi kavu Tabora, umewaandalia mchwa karamu. Tumia mboji iliyoiva, uache kiganja kizima wazi kuzunguka shina.

Na kwa kuwa tumbaku iko jirani, kuna atakayeichemsha aue vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Asifanye hivyo: nikotini ni sumu inayopenya ngozi, hata ikitoka kwenye jani. Maji ya bomba yenye nguvu yanatosha kuwaangusha.

Nafasi iwe mita moja kati ya shina na shina, maji yamwagwe chini asubuhi, majani yenye madoa yaokotwe kila wiki na kuchomwa au kufukiwa mbali. Kazi hii ya mwisho ndiyo inayoamua. Kama bajeti haina mtu wa kuifanya Novemba hadi Aprili, ni afadhali eneo hilo lipandwe bogenvilia.