Kigari cha mtoto kwenye matuta ya mchanga ya Kennemerland, Uholanzi?
Nimesoma makala inayodai eti kutoka stesheni ya treni ya Overveen, kupitia jumba la Elswout na msitu wake hadi ufukweni Bloemendaal, ni njia nyepesi hata kwa mwenye kigari cha mtoto. Nusu ya kwanza, sawa: ndani ya Elswout njia ni pana na ardhi yake imeshikamana. Kwenye matuta mambo hubadilika. Mchanga mkavu humeza magurudumu madogo ya mbele, na ukisukuma kwa nguvu ndiyo yanazama zaidi. Geuza kigari ukivute kinyumenyume, au mbebe mtoto mgongoni. Kwa muda, ongeza angalau theluthi moja juu ya hesabu ya ramani. Makala pia imesahau wanyama: kaa angalau mita 25 kutoka kwa ng'ombe na farasi wanaozurura humo, na mita 50 kutoka kwa nyati wa Ulaya wa Kraansvlak, sehemu mojawapo ya matuta hayo. Na kupe! Vaa suruali ndefu, kagua nyuma ya magoti na kinena jioni hiyohiyo, na ukimkuta mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, ukivuta polepole; kumpaka mafuta kwanza ni kosa. Ufukweni hakuna treni, stesheni iko Zandvoort, kama kilomita 3 kusini, kwa hiyo tembea kwenda huko kando ya bahari wakati maji yamekupwa, mchanga wa ukingoni unakanyagika. Kuna anayejua njia ya kukwepa mchanga mlaini bila kuingia kwenye njia ya baiskeli?