Kwenye Pikipiki ya Dodoma, Nunua Holda Kabla ya GPS

Mtu akiamua kuweka GPS kwenye pikipiki, cha kwanza anachouliza ni kama achukue Garmin, yaani kifaa maalumu cha GPS, au atumie simu. Kwa maoni yangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kitu hicho kitashikwa na nini, la pili kitakula umeme wapi. Kifaa cha bei mbaya kikikaa kwenye holda ya plastiki kitaruka kwenye rasta za kwanza utakazozikuta barabara ya Morogoro, na lori linalokufuata halitasimama kukuokotea. Simu ya kawaida iliyobanwa sawasawa na kupata chaji ya uhakika itakufikisha Kondoa na kukurudisha.

Wengi wanaogopa mvua. Dodoma mvua yenyewe ni ya Desemba hadi Aprili, tena kwa kubahatisha. Muda mwingine wote ni jua, vumbi na mtetemo. Mtetemo ndio mbaya kuliko vyote. Injini ya silinda moja, za kina Boxer, TVS na SanLG, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, usukani unatikiswa zaidi ya mara 80 kila sekunde. Huo si mtikisiko wa mashimo. Ni ule unaousikia ganzi viganjani ukifika Kibaigwa. Unalegeza skrubu, unatanua tundu la chaji, na unaua kamera. Simu nyingi za bei ya juu zina lenzi inayoelea, inayosogezwa kwa sumaku ili picha isicheze mkono ukitetemeka. Mwaka 2021 Apple wenyewe walitahadharisha kwamba mtetemo wa pikipiki za injini kubwa unaweza kudhoofisha mfumo huo kwenye iPhone, wakashauri simu isifungwe moja kwa moja kwenye pikipiki hizo. Hata kwa vipikipiki vidogo na vya umeme walishauri holda yenye kupunguza mtetemo. Dalili utaziona: ukifungua kamera picha inachezacheza yenyewe, au inatafuta fokasi bila kuipata. Hapo hakuna setingi ya kurekebisha, ni kubadilisha kamera.

Ndiyo maana nasema simu unayopokelea pesa na kupigia kazi isikae kwenye usukani. Tafuta simu ya pili, iliyotumika, isiyo na lenzi ya namna hiyo. Iwe na kioo kisichozidi inchi sita, mwanga wa kutosha, RAM ya GB 3 au 4, na nafasi ya kuweka ramani. Ijaribu dukani kwa kutoka nayo nje saa saba mchana: ukilazimika kuikinga kwa kiganja ili usome, irudishe. Haihitaji laini wala bando. Chipu ya GPS inapokea tu mawimbi ya setilaiti, haitumi kitu. Intaneti inaharakisha tu kujua setilaiti ziko wapi, kwa hiyo simu isiyo na data, hasa ikiwa imekaa muda mrefu bila kutumika, inaweza kuchukua dakika kadhaa kushika mahali ilipo. Iwashe uwanjani, penye anga wazi, ukiwa unavaa helmeti. Ukianza safari kabla haijashika, itahangaika zaidi.

Kifaa chenyewe cha pikipiki, mfano Garmin zūmo XT, nitakitetea kwa mtu anayezunguka wilayani karibu kila wiki, afisa ugani au mpima ardhi anayekwenda Chemba, Bahi na Mpwapwa kwa barabara za vumbi. Kioo chake cha inchi 5.5 kinasomeka juani na kinakubali glavu. Ila sifa yake kubwa haitajwi sana na wauzaji: hakichajiwi kwa tundu la USB ukiwa njiani, kinakaa kwenye kitako chenye vipini vya chuma vinavyogusa mgongo wake, hivyo hakuna plagi ya kulegea. Kipimo chake cha IPX7 kisikupumbaze. Hiyo 7 inahusu maji, kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Ile X inamaanisha kipimo cha vumbi hakikutajwa. Kwa simu tafuta IP67 au IP68, ambako hiyo 6 ndiyo ya vumbi.

Kuna mtego mmoja kwenye Garmin za mkono wa pili: nyingi zimetoka Ulaya na ramani yake ni ya Ulaya. Ukiiwasha Dodoma unaona kishale katikati ya karatasi tupu. Uliza muuzaji ramani ya Afrika Mashariki ipo au haipo kabla hujatoa hela. Kama haipo, Tracks4Africa wanauza ramani inayofika Tanzania, na zipo za bure zilizotengenezwa kwa data za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Kwenye simu, programu za Organic Maps na OsmAnd zinatumia data hizohizo na zinafanya kazi bila intaneti. Google Maps inaruhusu kupakua eneo, lakini lina tarehe ya kwisha, na kwa njia za porini huku kwetu naiamini kidogo. Usipakue ukaacha miaka. Mji huu unapanuka kwa kasi: Iyumbu, Nala, Mtumba, Ihumwa, na hiyo barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112 peke yake inatosha kuifanya ramani ya zamani ikupoteze.

Sasa holda. Zile za kubana kwa chemchemi au mpira wa silikoni peke yake ziache kwa baiskeli. Unataka kibano cha chuma kinachofungwa kwa bolti mbili au nne kwenye usukani, mkono mfupi wenye gololi ya mpira ya inchi moja, kisha kitako cha kifaa. Usukani wa pikipiki zetu ndogo kwa kawaida una unene wa milimita 22. Zile kubwa za safari zina 28.6 pale katikati. Pima, kwa sababu kibano kikubwa kinachojazwa matambara kitazunguka tu. Vitako vingi vya GPS vina matundu manne ya mpangilio wa AMPS, milimita 30 kwa 38, hivyo kitako cha kampuni moja kinaingia kwenye mkono wa nyingine. Kufungia kwenye shina la saitimira inawezekana, na bolti yake huwa ya milimita 10 au 8 kutegemea pikipiki, lakini shina ni refu na jembamba, linaongeza mtetemo. Karibu na katikati ya usukani ndiyo mahali.

Kata kipande cha tyubu ya baiskeli ukizungushe mara moja chini ya kibano. Kinazuia kuteleza na mikwaruzo. Usidhani kitaokoa kamera, maana mpira mwembamba uliobanwa kwa nguvu unapitisha mtetemo karibu wote. Kaza bolti kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, mpaka pengo la pande mbili lilingane. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, aluminiamu inapasuka pembeni ya tundu, na ufa huo huuoni mpaka siku kibano kinaachia. Tone la Loctite ya bluu, gundi ya kuzuia bolti kulegea, kwenye uzi linatosha. Nyekundu usiiguse, utahitaji moto kuifungua. Baada ya kilomita 100 za mwanzo kagua tena. Halafu funga kamba fupi kutoka kwenye kifaa hadi usukani. Kamba ya viatu inatosha.

Mahali pazuri ni kushoto kidogo ya katikati, chini ya usawa wa macho unapotazama barabara, pasipofunika taa ya nyutro, spidi wala tundu la ufunguo. Kushoto kwa sababu mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele. Hata hivyo, kugusa kioo ni kwa pikipiki iliyosimama.

Kabla ya kufunga waya, washa injini na ukate usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio wa injini ukibadilika, kuna kebo uliyoibana. Waya wa chaji uachiwe ulegevu pale shingoni, maana ndipo unapokatika.

Umeme ndio unaowashinda mafundi wengi wa barabarani, na kosa ni moja: wanachomoa kwenye waya wa taa kubwa kwa kuwa uko karibu. Pikipiki nyingi ndogo, hasa za zamani, taa hiyo inalishwa umeme wa AC moja kwa moja kutoka magneto, kifaa cha injini kinachozalisha umeme, haupiti betri. Unapanda na kushuka na mafuta, na chaja ya USB haikutengenezwa kwa hilo. Kipimo ni rahisi. Weka tesita kwenye DC, ufunguo ON, injini imezimwa, swichi ya taa imewashwa. Waya wenye volti 12 na kitu unatoka kwenye betri. Wa taa ukisoma sifuri mpaka injini iwake, achana nao. Tafuta waya unaopata umeme ufunguo ukiwa ON na kukosa ukiwa OFF. Mara nyingi utaupata kwenye njia ya honi au ya taa ya breki. Kisha washa injini upime betri: kati ya 13.5 na 14.5 ukipandisha mafuta kidogo ni salama. Ikipita 15, rektifaya, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji, imekufa, na inaweza kuua chaja yako na betri.

Kwa nini isiwe moja kwa moja kwenye betri? Kwa sababu chaja hata isipochaji kitu inakula kidogo. Tuseme miliampea 15. Kwa saa 24 hiyo ni 0.36 Ah (ampea-saa), na betri ya pikipiki ndogo ni ya Ah 4 au 5. Ukisafiri wiki mbili, unarudi unapiga kiki.

Fyuzi ya ampea 2 au 3 ikae karibu na unapochukulia umeme, isizidi sentimita 15, maana inalinda waya, na waya usio na fyuzi ndio unaowasha moto chini ya tangi. Waya wa milimita moja ya mraba unatosha. Kuunga, tumia vifungo vya kubana kwa koleo kuliko risasi. Risasi inaufanya waya kuwa mgumu, na mtetemo unaukata palepale ugumu unapoishia. Kuzungusha kwa vidole na tepu nyeusi ni kazi ya wiki chache, kwa joto hili gundi inayeyuka na tepu inajifungua. Ukiona simu inaonyesha inachaji huku asilimia inashuka, usikimbilie kulaumu betri. Ramani, kioo kwenye mwanga wa juu na chipu ya GPS vinakula kuliko chaja dhaifu inavyotoa, na kebo ndefu nyembamba inapoteza volti njiani. Kebo ya nusu mita, yenye kichwa cha kukunja ili isijitokeze pembeni, inatibu matatizo mengi. Chaja ya kuwekea juu bila waya siipendi kwa Dodoma. Inaongeza joto kwenye simu ambayo jua tayari limeipasha. Simu ikizidiwa na joto inapunguza mwanga yenyewe, halafu inakataa chaji. Vua kava jeusi, na ukisimama usiiache kifudifudi juu ya tangi.

Kimebaki kinachopoteza watu hata mitambo ikiwa sawa: namba. Dodoma mjini ni kama -6.17, 35.74. Hiyo alama ya kutoa ndiyo kusini. Ukiisahau, kifaa kinakupeleka kusini magharibi mwa Ethiopia, na kwa utiifu kabisa kitaanza kukokotoa njia. Kosa la pili halionekani upesi: mtu anakupa 6°10.5', wewe unaandika 6.105. Sahihi ni 6.175, kwa sababu dakika 10.5 hugawanywa kwa 60. Umekosea karibu kilomita 8.

Kwa wanaotafuta viwanja hali ni ngumu zaidi. Namba za bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, huandikwa kwa UTM, mfumo unaogawa dunia katika kanda na kupima kwa mita, moja ya tarakimu sita na nyingine saba, na ramani nyingi za zamani za upimaji zimetumia Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo vya ramani, wakati GPS inafanya kazi kwa msingi mwingine, WGS84. OsmAnd inakubali kutafuta kwa UTM, ila inachukulia ni WGS84, hivyo namba ya Arc 1960 itakusimamisha kama mita 300 kutoka kwenye bikoni, pengine kwenye shamba la mtu. Zaidi ya hapo, mpaka wa kanda 36 na 37 uko kwenye longitudo 36, kilomita zisizofika 30 mashariki ya mji. Kiwanja cha Kisasa kiko kanda 36. Cha Kongwa kiko 37. Muulize mpimaji kanda na mfumo kabla ya kuwasha pikipiki.

Na huko vijijini usiiachie programu ikuchagulie njia fupi. Haijui kwamba njia ya Bahi iliyopita kwenye mbuga ya udongo mweusi inakuwa gundi mvua ikinyesha, wala kwamba korongo lililo kavu asubuhi linaweza kuwa mto saa kumi. Mwombe aliyepita juzi akutumie faili la GPX la njia yake, ulifungue kwenye ramani na uufuate mstari, sauti ukiwa umeizima. Korongo likiwa limejaa, mstari huo pia utakuonyesha kijiji cha karibu ulichokipita, ambako utangoja maji yapungue.