Riwaya ya msiba imo ndani ya Coaster

Kuna aina ya riwaya inayopendwa sana Ulaya na Marekani, na mimi naipenda pia, sifichi. Mtu anafariki. Ndugu waliokuwa hawasalimiani wanajikuta ndani ya gari moja, majivu ya marehemu yako kwenye buti, wanakwenda kuyamwaga mahali alipopapenda enzi za uhai wake. Njiani gari linaharibika, siri inafichuka, watu wananuniana, wanacheka, wanafika wakiwa wanaongea. Unajua kabisa kinachokuja, na bado unalia.

Nikimaliza kitabu cha namna hiyo huwa naona wivu. Mwandishi wa kule inabidi ahangaike kutafuta kisa cha kuwakusanya ndugu kwenye gari. Sisi kisa tunacho bila kukitafuta. Mtu amefia Dar es Salaam na kwao ni Rombo, au Bukoba, au Songea. Lazima arudishwe akazikwe kwao. Na harudishwi na watu watatu.

Fikiria yanayotokea kabla hata injini haijawashwa. Jioni ya kwanza kikao kimeshakaa, mwenyekiti na mweka hazina wameshapatikana, grupu la WhatsApp limeshafunguliwa. Kila mchango ukiingia orodha inatumwa upya, na wewe ambaye jina lako halijatokea unajifanya simu imeisha chaji. Kuna mtu kazi yake ni jeneza, mwingine maji ya kunywa, mwingine kufuatilia kibali cha kusafirisha mwili. Siku ya safari kuna ibada, heshima za mwisho, kisha msafara: gari la mwili mbele, Coaster ya familia, Coaster ya majirani na wafanyakazi wenzake. Chalinze, Korogwe, Mombo, Same. Hadi Moshi ni kilomita kama 550, usiku kucha, barabara ile ile ambayo Desemba inawapandisha Wachaga nyumbani kwenda "kuhesabiwa", kama wanavyotaniwa. Wa Bukoba wao wana kilomita 1,400 hivi za kuvumiliana.

Kwa nini basi safari hii haijai vitabuni mwetu? Maoni yangu ni kwamba riwaya ya Kiswahili imezoea kumtuma mhusika wake njiani peke yake. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambayo vijana wengi wa Kenya wameisoma shuleni. Kongowea anafiwa na mama yake Tanga, anavuka mpaka kwenda kumtafuta baba Kenya. Msiba umo, urafiki umo, njia ndefu imo, na kitabu ni kitamu. Ila kijana anajibebea uchungu wake mwenyewe, mji hadi mji. Ndugu waliosafiri pamoja ninaowakumbuka haraka ni wale wa Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, na hao wawili walimtosa mwenzao baharini, baadaye wakageuka manyani. Si mfano mzuri wa usafiri wa familia.

Mtu akiwa peke yake na huzuni yake huwaza, na mwandishi anapata kurasa nyingi za mawazo. Ukimweka kwenye Coaster iliyojaa, hana nafasi ya kuwaza. Mtoto anatapika. Wifi anauliza kama kuna mtu amekumbuka dawa za presha za bibi. Dereva anataka kujua nani analipia mafuta Korogwe. Huzuni inabidi ipite humo humo katikati ya hayo yote, na kwa macho yangu huko ndiko inakoonekana vizuri zaidi.

Tulipokuwa tunampeleka baba mdogo kwao, alipanda mwanaume mmoja mwenye kibegi cha rangi ya kijani ambaye hakuna aliyemjua. Alikaa nyuma ya dereva, kimya. Shangazi, ambaye hapitwi na jambo, akamuuliza waziwazi: "Samahani baba, wewe ni nani wetu?" Akajibu, "Mimi kinyozi wake, mama. Nimemnyoa mpaka wiki iliyopita." Basi zima likamgeukia. Akauliza kama tunajua lile kovu la kisogoni marehemu alilipata wapi. Shangazi akasema alianguka mparachichi akiwa mdogo, sote ndivyo tulivyosimuliwa. Kinyozi akatikisa kichwa. "Alipigwa fimbo na kaka yake kwa kuiba baiskeli." Kaka mwenyewe alikuwa kiti cha tatu, mzee mzima, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, tukidhani amelala. Akasema bila kufumbua macho: "Na breki alikata." Tulicheka hadi dereva akapunguza mwendo. Halafu yule mzee akaanza kulia, kwa sauti, na shangazi waliyekuwa hawaelewani kwa sababu ya shamba akammenyea yai la kuchemsha, akalitia chumvi, akampa.

Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Kwenye riwaya za wenzetu wangeombana radhi kurasa tano, wakumbatiane, jua lizame. Sisi tulikuwa na yai. Mwandishi wetu anayeujua msiba angeliacha yai lifanye kazi yake na asituelezee maana yake.

Urafiki pia ungekaa hapo, kwa mtu wa aina ya kinyozi. Marehemu wengi wetu wana mtu wao ambaye ukoo haumfahamu: wa kijiweni, wa kwenye bao, wa kwaya, mama muuza chai wa karibu na ofisi. Msibani ndipo ukoo unapokutana naye, na mara nyingi yeye ndiye anayejua. Watoto wanamjua baba. Huyu anamjua mtu.

Kuna wanaosema kuweka vichekesho msibani ni kukosa adabu. Watani wangewashangaa. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtani anakuja msibani kwa kazi hiyo hasa: anaiga sauti ya marehemu na mwendo wake, anaingia kaburini na kugoma kutoka hadi alipwe, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mabibi na mababu waliliona zamani hitaji la kicheko hicho na wakakilipia wenyewe.

Ugomvi nao usikwepwe. Wakili wa Kenya S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake Wambui na ukoo wa marehemu wakaburuzana mahakamani juu ya wapi azikwe. Alizikwa Nyalgunga, Siaya, ukoo ulikotaka, Mei 1987. Miezi mitano marehemu hana kaburi. Hilo halichekeshi hata kidogo, lakini swali lile lile, kwao ni wapi hasa, linakaa ndani ya kila Coaster, hata kama wote wamekubaliana kulinyamazia. Riwaya ya msiba isiyoligusa itakuwa ya kupamba tu.

Pwani ni hadithi nyingine, na inahitaji kitabu chake. Muislamu hasubirishwi, umeambiwa anazikwa baada ya Alasiri Lindi na wewe bado uko Mbagala. Hapo safari ni ya walio hai kukimbizana na saa. Wazee wa kusini wanakumbuka kukwama kwenye kivuko cha Rufiji kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mtu anaangalia maji huku baba yake anazikwa ng'ambo. Sura nzima hiyo.

Kwa anayeiandika, ombi langu ni moja: asiimalize kaburini. Kila mtu anamalizia pale, udongo, mashada, kwaya. Alete safari ya kurudi. Coaster ile ile, viti vingine vitupu kwa sababu kuna waliobaki kuanua matanga, mikungu ya ndizi imejaa chini ya viti hadi hakuna pa kuweka mguu, fulana zenye picha ya marehemu zimeshachafuka. Kinyozi sasa anaitwa mjomba na watoto. Wakipita Same mweka hazina anasimama, anashika kiti kwa mkono mmoja, anasoma mapato na matumizi, na kabla hajafika mwisho mtu wa kiti cha nyuma anamkatiza: hayo mafuta ya Korogwe yalikuwa lita ngapi, na risiti iko wapi?